Mzigo wa Mabua

Neno lilikuwa moja, na lilikuja kwa simu saa tatu usiku: imerudi.

Binamu yangu hakusema ni nini kimerudi. Tangu baba yake apasuliwe kichwa mwaka uliotangulia, familia nzima tulikuwa tunaogopa kuutaja ugonjwa kwa jina lake, na kitu kisichotajwa hakihitaji maelezo. Alisema mjomba ameanza tena kuumwa kichwa alfajiri. Kikombe kimemponyoka mkono wa kushoto mara mbili wiki hiyo. Wamepiga picha mpya, na pale pale palipokuwa na uvimbe pana alama inayong'aa, ukubwa wa ndimu. Mtu aliyewasomea picha hiyo amesema imerudi. "Njoo," binamu akamalizia, "tukae kikao."

Mimi nafanya kazi ya maabara Dar es Salaam, katika hospitali ambayo sitaitaja, sehemu ya histolojia. Kwa lugha ya nyumbani, mimi ndiye ninayekata nyama za wagonjwa vipande vyembamba ili daktari aviangalie kwa hadubini. Shangazi, ndivyo tunavyomwita mke wa mjomba, alipoelezwa kazi yangu mara ya kwanza aliuliza, "Kama michembe?" Nilicheka, kisha nikafikiri, nikamwambia ndiyo, kama michembe. Yeye hukata viazi vitamu vyembamba ili jua liviwahi kabla havijaoza. Mimi nakata tishu iliyogandishwa ndani ya nta ya parafini, unene wa mikroni tatu au nne, ili mwanga upite. Sote wawili tunajua kwamba kipande kinene hakifai.

Kwa hiyo niliposikia "imerudi", nilipaswa kuwa mtu wa kwanza katika ukoo kuuliza: mmejuaje? Sikuuliza. Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikatafuta tiketi ya kwenda Tabora.

*

Niseme kwanza ninachokijua kwa kazi yangu, kwa sababu swali la maadili ninalotaka kuliuliza limesimama juu yake.

Mjomba alikuwa na astrositoma ya daraja la tatu, uvimbe unaotokana na seli zinazoshikilia na kulisha neva za ubongo. Walimfanyia upasuaji wakatoa walichoweza. Kilichobaki kilipigwa mionzi: grei 60, zikagawanywa katika vipindi 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana mahali pamoja tu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kabla Bugando ya Mwanza na wengine hawajafuata. Tabora haina. Mgonjwa wa Tabora hupanda treni au basi, akaenda kukaa kwa ndugu wiki sita, akarudi nywele zimenyonyoka upande mmoja.

Sasa, picha ya MRI haionyeshi saratani. Watu wengi hawalijui hilo. Mgonjwa akichomwa ile dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, kinachong'aa ni mahali ambapo kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimevuja. Uvimbe unaokua huwa na mishipa inayovuja, ndiyo maana hung'aa. Lakini mionzi nayo huharibu kuta hizo hizo. Miezi kadhaa baadaye, wakati mwingine miaka, tishu iliyopigwa mionzi inaweza kufa, ikavimba, ikavuja, ikausukuma ubongo ulio jirani. Kichwa kinauma vile vile. Mkono unalegea vile vile. Picha inang'aa vile vile. Madaktari huita nekrosisi ya mionzi. Tuiite kuungua kunakochelewa.

Hata dawa haikutenganishii. Deksamethasoni hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe wa saratani, na hupunguza pia maji yanayozunguka tishu iliyoungua. Mgonjwa akiamka na nafuu, hujui umetuliza kipi.

Na kosa lina bei pande zote. Ukisema ni saratani kumbe ni kuungua, utampa mtu dawa kali asizozihitaji, pengine umchome mionzi mingine juu ya jeraha la mionzi. Au, kama ilivyo kawaida kwetu ambako fedha ni chache, utamrudisha nyumbani "akapumzike", ndugu wataacha kuuza ng'ombe, na mtu ambaye hakuwa anakufa ataanza kuishi kama anayekufa. Ukisema ni kuungua kumbe ni saratani, utasubiri, na huo muda unaosubiri ndio mtaji wake wote.

Zipo picha za kisasa zaidi zinazopima damu inavyopita ndani ya alama, au kemikali zilizomo, au jinsi seli zinavyokula. Zinasaidia, ila nazo hukosea. Wenye mashine hizo bado hufika mahali wakakwama, wakarudi kwenye jibu la zamani kuliko yote: fungua, chukua kinyama, tazama.

Swali langu linaanzia hapo. Je, ni haki kumfungua mtu kichwa mara ya pili, si ili umtibu kwanza, bali ili ujue?

*

Treni ya Tabora huingia stesheni ambako mjomba alifanya kazi maisha yake yote ya ujana. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mwanza likachipuka. Kabla ya reli kulikuwa na njia ya misafara: Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe, Ujiji. Wanyamwezi waliibeba biashara ya njia hiyo mabegani, na miembe iliyopandwa na wafanyabiashara bado inatuonyesha ilikopita. Nilipokuwa darasa la nne mjomba alinipakia kwenye baiskeli tukaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuliona tembe ambalo Livingstone aliishi mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley, akisubiri wapagazi wa safari yake ya mwisho. Mwalimu alikuwa ametufundisha habari za mzungu. Mjomba alinisimulia habari za mzigo.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Chuma, Susi na wenzao, waliamua kumbeba hadi pwani. Kabla ya kumkausha kwa chumvi na jua kwa siku kumi na nne, ilibidi mwili ufunguliwe, na aliyefanya kazi hiyo alikuwa Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Zanzibar na kuona maiti zikichunguzwa. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Lakini Farijala hakutoa tu, alitazama pia. Katika shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa London mwaka 1874 na Horace Waller, imeandikwa kwamba waliona bonge la damu iliyoganda upande wa kushoto, kubwa kama kiganja cha mtu, na kwamba Farijala aliwaonyesha wenzake mapafu yaliyokauka yenye mabaka meusi na meupe.

Sisi tunaofanya kazi hii tunafundishwa majina ya Wajerumani na Waingereza walioanzisha patholojia. Sijawahi kusikia mtu akimtaja Farijala darasani. Alikuwa na kisu, macho, na kumbukumbu ya alichokiona Zanzibar, na alisema alichokiona bila kuongeza.

Sehemu iliyomfurahisha mjomba ilikuja baadaye. Walifika Unyanyembe Oktoba 1873. Hapo wakamkuta Cameron, mzungu aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea. Walipofika Kasekera wakasikia kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti kupita katika nchi yao. Basi wakatunga hila. Walikata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayafunga pamoja, wakayavingirisha nguo kama maiti iliyo tayari kwa mazishi. Watu sita wakaubeba mzigo huo kwa heshima kurudi Unyanyembe, na barua bandia imechomekwa kwenye ufa wa kijiti, ili kila mtu aone kwamba mzungu anarudishwa kuzikwa. Njiani wakaingia porini wakayatawanya mabua. Wakati huo maiti yenyewe ilikuwa imefungwa upya kama robota la nguo za biashara, ikapita mchana kweupe mbele ya watu waliokuwa wakiizuia.

"Umeona?" mjomba aliniambia, amekaa kwenye kivuli cha tembe. "Mzigo uliofanana na maiti ulikuwa mabua. Mzigo uliofanana na nguo ulikuwa maiti. Kwa nje huwezi kujua."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

*

Kikao kilikaa sebuleni, Jumamosi jioni. Binamu alitaka upasuaji ufanyike haraka. Alikuwa ameongea na daktari wa Dar es Salaam, ambaye, tofauti na aliyeisoma picha, hakusema imerudi. Alisema njia ni tatu: kumpa dawa ya uvimbe na kurudia picha baada ya wiki kadhaa, kumtibu moja kwa moja kama mtu ambaye saratani imemrudia, au kufungua, kutoa kinachong'aa kadiri inavyowezekana bila kuugusa ubongo mzima, na kupeleka tishu maabara. Ya tatu ingepunguza pia mgandamizo. Lakini ni upasuaji wa kichwa, na mkono ungeweza kulegea zaidi, na mtu anaweza asiamke.

Shangazi alikataa. Hoja yake ilikuwa nzito, na siku hizo sikuipa uzito wake. Alisema: "Mkijua, mtafanya nini? Kama ni ile, mtalia. Kama si ile, mtashangilia. Kilio chenu na vigelegele vyenu ndivyo vinavyotaka apasuliwe. Yeye anataka kulala bila kichwa kuuma." Mzee mmoja wa ukoo akaongeza kwamba mwili wa mtu si gunia la kufunguliwa kila wenye nalo wanapotaka kuhesabu magunzi.

Mimi niliongea kama mtaalamu. Nilisema bila tishu tunabahatisha. Nilitumia maneno mengi.

Mjomba tulimuuliza mwisho, kana kwamba kichwa kilikuwa cha ukoo. Alikuwa kwenye kiti chake, mkono wa kushoto umelala pajani kama kitu alichoazimwa. Akatukumbusha kazi yake ya kwanza reli. Alikuwa kijana wa kugeuza njia: treni ya Kigoma iende Kigoma, ya Mwanza iende Mwanza. Unavuta wenzo, na wenzo ukikaa upande wake unakuambia njia imegeuka. "Lakini kati ya wenzo na reli kuna chuma kirefu," alisema, "na jiwe dogo likibana pale mwisho, wenzo umegeuka, reli haijageuka. Mkubwa wangu alinifundisha: usiku, mvua, baridi, chukua taa uende kwa miguu ukaangalie. Mara nyingi unakuta ni sawa. Unarudi umelowa bure. Sasa nyie mnaniambia wenzo umesema imerudi. Nataka mtu aende na taa."

Shangazi akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine alikuwa amewaza kuuliza: "Na ukikuta jiwe?"

"Nitajua treni inaelekea wapi," mjomba akasema. "Mimi ndiye abiria."

*

Ninachofuata kukisimulia ni kosa langu mwenyewe.

Alipasuliwa Dar es Salaam, akaamka, akaniuliza kama simba na yanga wamecheza. Tishu yake ililetwa kwenye maabara tunayofanyia kazi, ndani ya chupa ya fomalini, ikiwa na namba. Maabara haina majina, ina namba, na utaratibu huo una hekima yake. Niliomba nisiikate mimi, na mwenzangu akaikata. Vipande vitano vikawekwa kwenye nta, kila kimoja kikatoa slaidi yake, zikapakwa hematoksilini na eosini, rangi mbili tunazozitumia kila siku: viini vya seli huwa buluu, kinachobaki huwa waridi.

Niliijua namba. Jioni, wenzangu walipoondoka, nilichukua slaidi ya kwanza iliyokuwa juu ya trei nikaiweka chini ya hadubini.

Ilikuwa waridi tupu. Uwanja mzima umekufa, hauna viini, na mishipa ya damu ina kuta nene zilizoganda kama kioo, mingine imezibwa kabisa. Nimeona slaidi nyingi kiasi cha kuijua sura ya mionzi. Nilitafuta seli za uvimbe zilizojipanga pembeni ya sehemu iliyokufa, kama zinavyojipanga kwenye saratani inayojiua njaa yenyewe. Hazikuwapo. Nikatoka nje, nikampigia shangazi. Nikamwambia, "Si ile. Ni kuungua tu."

Nilimsikia akiweka simu chini bila kuikata, na nyumba nzima ikipiga vigelegele. Mimi si mwanapatholojia. Sikuwa na haki ya kuangalia, na nilichokuwa nimeangalia ni slaidi moja kati ya tano.

Siku tatu baadaye ripoti ilitoka. Sehemu kubwa ya tishu imekufa kwa mionzi, kama nilivyoona. Lakini katika vipande viwili kati ya vitano kulikuwa na visiwa vidogo vya seli za astrositoma zilizo hai, na chache kati yake zilikuwa zinagawanyika. Yaani vyote viwili. Mzigo ulikuwa na mabua, na ndani ya mabua kulikuwa na maiti, au tuseme kulikuwa na kitu kilichokataa kuwa maiti.

Hili si jambo la ajabu. Katika tishu iliyokwisha kupigwa mionzi, mchanganyiko ni wa kawaida kuliko jibu safi. Na hapo ugumu unaanza upya: seli zile ni mabaki yaliyojeruhiwa ambayo yatakufa yenyewe, au ni mwanzo wa kurudi? Ni ngapi zinatosha kuiita imerudi? Wanapatholojia wenye uzoefu wakipewa slaidi zile zile za namna hii wanaweza wasikubaliane. Tangu Shirika la Afya Duniani litoe uainishaji wake wa mwaka 2021, hata jina la uvimbe halitolewi kwa macho peke yake. Vipimo vya jeni vinaingia ndani ya jina. Lakini hakuna jeni inayokuambia seli hii iliyoungua itaamka au haitaamka.

Nilisafiri tena hadi Tabora. Kilomita zaidi ya 800 za reli zinampa mtu muda wa kutunga sentensi. Niliyoitunga ilikuwa ndefu na yenye sababu nyingi. Nilipofika nilisema, "Shangazi, nilikudanganya bila kujua, na hata kama ningekuwa sahihi haikuwa kazi yangu kukuambia." Hakunijibu siku hiyo. Alinipikia, akaniwekea maji ya kuoga, hakunijibu.

*

Nimelifikiria swali langu tangu wakati ule, na nimeona kwamba nililiuliza vibaya. Nilikuwa nauliza kama ni haki kumfungua mtu ili kujua. Swali linalotangulia ni: anayejua ni nani, na kwa ajili ya nani?

Mwili wa Livingstone ulifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza na Farijala, chini ya uzio wa miti, mbele ya watu waliomfahamu marehemu na waliokuwa wanakwenda kumbeba hadi pwani. Mara ya pili London, Aprili 1874, na daktari bingwa wa upasuaji, Sir William Fergusson. Wapagazi walikuwa wameshasema huyu ni nani. Walikuwa wamembeba miezi tisa, baadhi yao wakafa njiani. Lakini kwa London neno lao halikutosha. Fergusson alitafuta mfupa wa juu wa mkono wa kushoto, ule ambao simba aliuvunja mwaka 1844 na haukuunga vizuri, akaukuta, na hapo ndipo ikakubaliwa kwamba mzigo ni yeye. Siku chache baadaye akazikwa Westminster.

Simlaumu Fergusson. Mzigo uliotoka mbali unastahili kuangaliwa, na watu wale wale walikuwa wameonyesha Kasekera jinsi wanavyojua kufunga mizigo. Lakini nikikaa na habari hii naona kitu kinachoniuma kidogo: mfupa uliaminiwa kwa sababu watu hawakuaminiwa. Uchunguzi ule haukuwa wa Livingstone wala wa waliombeba. Ulikuwa wa wenye mashaka.

Ndivyo ilivyo hatari ya kazi yangu. Tishu ni shahidi mzuri kwa sababu haina hofu wala matumaini, lakini ni rahisi kuisahau midomo iliyo hai. Mjomba alikuwa na neno lake. Alisema tangu mwanzo kwamba maumivu haya si yale ya kwanza, "haya yana joto". Hakuna aliyeandika hilo popote. Sisemi lingetosha, visiwa vile vya seli havikuwa na joto wala baridi. Nasema lilistahili kuwekwa mezani pamoja na picha na slaidi.

Na shangazi alikuwa sahihi kuuliza mkijua mtafanya nini. Naamini sasa kwamba hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kisu. Kama mgonjwa amechoka sana, kama uvimbe umekaa pale panapotoka maneno, kama hakuna dawa itakayobadilika kwa jibu lolote, basi kufungua ni tamaa ya wazima kuridhisha macho yao, na kuishi bila kujua si woga. Lakini kama jibu litageuza njia, na anayefunguliwa ndiye anayelitaka, basi kumnyima kwa kuwa sisi tunaogopa jiwe ni kumfanya abiria asiye na tiketi katika safari yake mwenyewe.

Kwa mjomba jibu liligeuza njia, ingawa si kwa namna yoyote kati ya zile mbili tulizozijadili kikaoni. Tungeshika neno la mtu wa picha, "imerudi", tungemrudisha nyumbani akasubiri kufa kwa ajili ya kitu ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa kovu. Tungeshika neno langu, "ni kuungua tu", angekaa bila dawa huku visiwa vikiungana. Madaktari wake walimwanzishia vidonge vya temozolomidi, wakaacha mionzi, wakapanga picha kila baada ya miezi mitatu. Mgandamizo ulikuwa umekwisha kutolewa kwa upasuaji. Baada ya wiki kadhaa mkono wa kushoto ulianza kushika kikombe, kwanza kikiwa kitupu.

*

Likizo iliyofuata nilimkuta amekaa chini ya mwembe, redio pembeni. Aliniomba nimwonyeshe. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya daktari, safari hii kwa utaratibu, na nilikuwa na picha za slaidi mbili kwenye simu. Akavaa miwani.

"Hii ya waridi ndiyo iliyoungua?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na hawa wa buluu ndio wenyewe."

"Ndio wenyewe."

Akawatazama muda mrefu, kama alivyokuwa akilitazama behewa linaloegeshwa. "Wachache," akasema.

"Wachache."

"Ila wapo."

"Wapo."

Akanirudishia simu. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka, akaniuliza: "Wale wengine unaowakata kule, wa namba, huwa unawapigia simu nyumbani kwao?"

"Hapana, mjomba."

"Vizuri." Akaongeza sauti ya redio kidogo. "Wasubirie mtu mwenye taa."

Shangazi alikuwa uani, kisu mkononi, kapu la viazi mbele yake na mkeka umetandikwa juani. Bila kuniangalia alisogeza kigoda kimoja kwa mguu. Nikakaa, nikachukua kisu cha pili, nikaanza kukata. Alivitazama vipande vyangu, akakiokota kimoja akakiinua kwenye mwanga.

"Kinene," akasema, na huo ndio ulikuwa msamaha wangu.